Waliokosekana Kwenye Foleni: Tulivyofufua Kliniki ya Wagonjwa wa Nje Wakati wa UVIKO-19

Tulipopewa ruhusa ya kufungua tena kliniki ya wagonjwa wa nje, janga la UVIKO-19 likiwa bado halijatulia, kikao chetu cha kwanza kilikwenda karibu chote kwenye mpangilio wa viti. Vikae umbali gani, vifutwe mara ngapi, mgonjwa aingie na msindikizaji wake au peke yake. Hayo yalistahili kuamuliwa, sibishi. Lakini mimi nilikuwa muuguzi msimamizi wa kliniki ya magonjwa sugu, na kilichoninyima usingizi si wale ambao wangekuja kukalia viti hivyo. Ni wale ambao hawangetokea.

Wengi nilikuwa nawajua kwa majina na kwa sura. Mama mwenye kisukari ambaye kidonda chake cha mguuni kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kufunga. Mzee anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa ambayo dozi ikizidi mtu huvuja damu na ikipungua damu huganda, ndiyo maana lazima apimwe mara kwa mara. Kijana wa kifafa ambaye tulikuwa tumembadilishia dawa na kumwambia arudi tuone inavyomkubali. Tarehe zao za kurudi zilikuwa zimekwisha kupita, na kwenye daftari hapakuwa na chochote mbele ya majina yao.

Shirika la Afya Duniani lilitamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa huu umekuwa janga la dunia, na katika nchi nyingi agizo lililofuata lilikuwa moja: asiye na dharura abaki nyumbani. Kwa wakati ule lilikuwa agizo sahihi. Barakoa zilikuwa haba, njia za maambukizi zilikuwa bado zinabishaniwa, na wagonjwa wetu wa kisukari, moyo na figo ndio hasa waliokuwa wakizidiwa haraka wakiambukizwa. Kumwita mtu wa namna hiyo akae ukumbi mmoja na anayekohoa ilikuwa ni kumweka hatarini kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini kliniki tupu ilikuwa moto uliofunikwa majivu. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliziuliza nchi 155 hali ya huduma zao za magonjwa yasiyoambukiza. Asilimia 53 zilisema matibabu ya shinikizo la damu yamevurugika, kwa sehemu au kabisa. Kisukari ilikuwa asilimia 49, saratani 42, na hata huduma za dharura za moyo, ambazo hakuna aliyeagiza zisimame, asilimia 31. Huko Marekani, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilikuta kwamba hadi mwisho wa Juni 2020 watu wazima wapatao 4 katika kila 10 walikuwa wameahirisha au kukwepa matibabu kwa hofu ya janga, na baadhi yao, asilimia 12, walikwepa hata matibabu ya haraka na ya dharura. Mtu anabanwa na kifua usiku, anaogopa hospitali kuliko kifua.

Kwa hiyo nilipoombwa nipendekeze tuanzie wapi, nilisema tuanze na orodha. Tuwatafute waliokosekana kabla ya kuwasubiri watakaokuja.

Orodha yenyewe haikuwa kazi nyepesi. Daftari la miadi peke yake halikutosha, kwa sababu linamjua tu aliyepangiwa tarehe. Tulichukua pia rejista ya famasia, tukaangalia nani alizoea kuchukua dawa kila mwezi na ghafla jina lake likapotea. Halafu tukaenda maabara. Hapo ndipo tulipostuka kweli. Kulikuwa na majibu ya vipimo yaliyotoka wiki ileile milango ilipofungwa, na wenye majibu hawakuwahi kuambiwa: vipimo vya mlango wa kizazi visivyo vya kawaida, figo zilizoanza kudhoofika, sukari iliyopanda kupita kiasi. Majibu yalikuwa yametoka salama, yamesainiwa, yamehifadhiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye mwili. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba huduma ikikatika ghafla, mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye majibu yasiyo na mpokeaji, kabla hata ya kugusa miadi.

Baada ya kukusanya majina tulibishana kuhusu mpangilio. Wenzangu wengine walitaka twende kwa tarehe: aliyekosa mapema apigiwe mapema. Ni haki kwa foleni, lakini si haki kwa ugonjwa. Mwenye presha iliyotulia na vidonge ndani anaweza kuvumilia wiki kadhaa zaidi. Anayetumia insulini hawezi, wala mwenye kifafa anayekaribia kuishiwa dawa, wala mjamzito mwenye presha, wala yule mzee wa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tulikubaliana swali litakalopanga majina liwe hili: mtu huyu akicheleweshwa mwezi mmoja zaidi, kitu gani kinaweza kuharibika kisirudi? Mguu, jicho, figo, mimba, ubongo. Waliokuwa na jibu zito walikwenda juu.

Tulipoanza kupiga simu ndipo tulipojifunza simu ni nini.

Kwanza, watu hawapokei namba wasiyoijua, na kipindi kile matapeli waliokuwa wakitumia jina la korona walikuwa wengi. Tukaanza kutuma ujumbe mfupi kabla: kliniki yako itakupigia leo kati ya saa fulani na saa fulani. Ujumbe haukutaja ugonjwa, maana hujui nani anashika simu hiyo. Mwenye jukumu la kupiga akawa muuguzi ambaye mgonjwa anamfahamu sauti, si yeyote aliyekuwa na nafasi. Mabadiliko hayo mawili yalituokolea simu nyingi. Muda nao ulihitaji nidhamu. Mwanzoni tulikuwa tunasema "tutakupigia Jumanne", na mgonjwa anashinda Jumanne nzima akiwa ameikumbatia simu, haendi hata kuoga. Kumwambia saa ni kumheshimu.

Pili, maswali yaliyozoeleka hayafai kwa simu. Chumbani unamwona mtu anavyoingia, anavyokaa, anavyovuta pumzi kabla hajasema neno. Kwa simu vyote hivyo vimefichika, na mtu ukimuuliza anaendeleaje atasema hajambo, kwa sababu ndivyo watu wanavyoitikia salamu. Tulijifunza kuuliza mambo ambayo lazima yajibiwe kwa kitendo. Badala ya kuuliza kama anatumia dawa, tulimwambia aende alete pakiti zote, atusomee jina lililoandikwa na ahesabu vidonge vilivyobaki. Humo tulikuta watu waliokuwa wakigawa kidonge nusu ili dawa ifike mbali, na waliokuwa wakimeza dawa mbili zenye majina tofauti ilhali ni kitu kimoja. Badala ya kuuliza kama anapumua vizuri, tulimuuliza: jana ulitembea hadi wapi bila kusimama? Unalala na mito mingapi, na mwezi uliopita ilikuwa mingapi? Viatu vyako bado vinaingia mguuni jioni? Mwenye moyo dhaifu anayejaa maji hujulikana kwa maswali hayo hata kama hana mzani.

Mtoto alihitaji njia nyingine. Mzazi alipokuwa na simu yenye kamera tulimwomba amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya, aelekeze kamera kifuani, nasi tukahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka kupita kawaida. Kuanzia mwaka 1 hadi 5 mpaka ni 40. Ngozi ikizama chini ya mbavu kila anapovuta hewa, hatukuendelea na mazungumzo. Aletwe sasa hivi.

Kutibu kwa mbali si jambo lililozaliwa na korona. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mwanasayansi wa Leiden huko Uholanzi aliyetuachia kipimo cha umeme wa moyo, alipitisha mapigo ya moyo ya wagonjwa kwenye waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Vifaa vilikuwapo miaka mingi. Kilichozuia ni kanuni na malipo. Marekani ni mfano mzuri kwa sababu hesabu zake ziliwekwa wazi: bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilikuwa ikilipia tiba mtandao kwa masharti magumu, zaidi kwa watu wa vijijini, na mgonjwa kwa kawaida alitakiwa aende kwanza kwenye kituo cha afya ndipo aongee na daktari wa mbali. Machi 2020 masharti hayo yakalegezwa, mgonjwa akaruhusiwa kuwa nyumbani kwake. Kutoka wastani wa wanachama 13,000 hivi waliohudumiwa kwa mbali kwa wiki, wiki ya mwisho ya Aprili walikuwa karibu milioni 1.7. Watu hawakufundishwa teknolojia mpya ndani ya wiki hizo chache. Waliondolewa kizuizi.

Nalitaja hili kwa sababu kwenye vikao vingi nilivyokaa, mazungumzo ya tiba mtandao yaliishia kwenye programu gani inunuliwe. Video ilipewa heshima kubwa kuliko kazi yake. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikadiria kwamba watu bilioni 2.9 duniani walikuwa hawajawahi kutumia intaneti. Wagonjwa wetu wengi walikuwa na simu ya vitufe, au simu janja isiyo na bando, au simu ya mtoto wao anayerudi jioni. Sauti ya kawaida ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi yetu, na hata Medicare ilipofika tarehe 30 Aprili 2020 ikaongeza malipo ya simu za sauti pekee yalingane na ya kumwona mtu ana kwa ana, baada ya kuonekana kwamba wengi hawana video.

Video ina mahali pake. Tuliitumia kumwangalia mwenye pumu anavyovuta dawa yake, na mara nyingi tuligundua kwamba dawa inaishia mdomoni kwa kuwa anabonyeza kabla ya kuvuta hewa. Tuliitumia pia kumwona mtu anainuka kitini na kutembea hatua chache. Kwa vipele na vidonda, picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, moja ya karibu na moja ya mbali, ilitufaa kuliko video inayotikisika. Na kwa wagonjwa wa afya ya akili, simu ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Wapo walioweza kusema kwa simu, wakiwa wanatembea nje peke yao, mambo ambayo hawakuwahi kuyasema wakiwa wamekaa mbele yetu.

Sasa niseme pale inapokoma, maana hapa ndipo penye hatari.

Mguu wa mwenye kisukari hauchunguzwi kwa simu. Mtu aliyepoteza hisia ya nyayo hajui kwamba amepoteza. Ndiyo maana tunamgusa kwa uzi maalumu wa gramu 10 akiwa amefumba macho, atuambie kama anausikia. Uvimbe mpya kwenye titi hauchunguzwi kwa simu. Tumbo linalouma linahitaji mkono. Kichwa kinachouma kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua, kifua kinachobana, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hayo si ya kupangiwa simu ya kesho. Tulijiwekea kanuni moja ambayo naipenda hadi leo kwa wepesi wake: mtu akipigiwa mara mbili kwa tatizo lilelile na bado hatujalielewa, simu ya tatu ni ya kumwita aje. Kanuni hiyo ilikuja kwa sababu tuliona jinsi simu inavyoweza kugeuka kimya kimya kuwa ukuta. Mgonjwa anapiga, anapewa ushauri, anapiga tena, anapewa ushauri mwingine, na kila aliyempokea ameandika kwamba amehudumiwa.

Watu pia walianza kupima wenyewe nyumbani, na hilo lilitusaidia sana kwa presha, mradi wapime kwa utaratibu. Tulifundisha kwa simu, hatua kwa hatua: nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu yote miwili sakafuni usiikunje, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda uwe na ukubwa unaoendana na mkono wako, usiongee. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku kadhaa, uandike zote, hata zile usizozipenda. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka wa presha ya juu ni 135 kwa 85, chini kidogo ya 140 kwa 90 ya kliniki. Nilishangazwa na wangapi presha yao ya nyumbani ilikuwa ya kawaida kabisa, watu ambao kwetu walikuwa wakiongezewa dawa kila wanapokuja na kutukuta tumesongamana.

Kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kilitupa somo lenye uchungu zaidi. Wagonjwa wa korona waliougulia nyumbani walikitegemea, nasi tulikitegemea kuamua nani aje hospitali. Kisha Desemba 2020 ukachapishwa utafiti kutoka Marekani kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea oksijeni ya kuridhisha, kati ya asilimia 92 na 96, wale Weusi asilimia 12 hivi walikutwa na oksijeni chini ya 88 damu ya mshipa ilipopimwa maabara. Kwa Wazungu ilikuwa kama asilimia 4. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi hubadilisha usomaji. Tuliacha siku hiyohiyo kuitegemea namba moja. Tukawa tunauliza jana ilikuwa ngapi na leo ni ngapi, ikishuka hata kidogo huku mtu anachoka zaidi tunamwita, na tunamsikiliza anavyoongea: je, anamaliza sentensi kwa pumzi moja, au anakata katikati? Inaniuma kwamba kifaa kilichosambaa dunia nzima miaka yote hiyo kilikuwa kinawapunja watu wenye ngozi nyeusi, na ilibidi lije janga ndipo jambo hilo lisikilizwe.

Kuhusu faragha nitasema kwa kifupi lakini kwa msisitizo. Chumba cha daktari kina mlango. Simu haina. Swali letu la kwanza baada ya salamu likawa: uko mahali unapoweza kuongea kwa uhuru? Kisha maswali mazito, ya dawa za VVU, ya mimba, ya kupigwa nyumbani, tuliyauliza yajibiwe kwa ndiyo au hapana, ili anayesikiliza pembeni asijue kinachoulizwa. Mwanamke aliyejibu "hapana" kwa swali kama yuko salama alipangiwa miadi ya kuja mwenyewe, kwa sababu ya kawaida kabisa kama kupimwa presha, na hakuna kilichoandikwa kwenye ujumbe. Wakati watu walikuwa wamefungiwa ndani pamoja na wanaowaumiza, kufika kliniki kulikuwa kwa wengine ndiyo nafasi pekee ya kuwa peke yao na mtu wa kuwasaidia. Mpango wowote wa kuhamishia kila kitu kwenye simu unapaswa kulikumbuka hilo.

Huku simu zikiendelea, jengo nalo lilibadilika. Tulitenga njia mbili tangu getini: wenye kikohozi na homa upande mmoja, wengine upande mwingine, kila upande na wahudumu wake kwa zamu hiyo. Miadi ilitawanywa kwa saa badala ya wote kuitwa alfajiri. Miezi ya mwanzo nguvu zetu nyingi zilikwenda kwenye kufuta nyuso za vitu, na madirisha tuliyakumbuka baadaye. Sayansi ilitugeuza taratibu. Julai 2020 wanasayansi 239 walitoa barua ya wazi wakisisitiza kwamba virusi husafiri hewani, na Aprili 2021 kile Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kikaeleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 kwa 10,000. Tukahamishia sehemu ya kusubiri nje kwenye kivuli, madirisha yakafunguliwa pande zote mbili ili hewa ipite. Hadi leo naona kliniki nyingi zina chupa za vitakasa mikono kila kona na madirisha yamefungwa.

Jambo lililowafurahisha wagonjwa kuliko yote halikuwa la teknolojia. Tuliwapa waliotulia dawa za miezi mitatu badala ya mwezi mmoja. Katika matibabu ya VVU utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa walio imara ulikuwa umependekezwa na Shirika la Afya Duniani miaka kadhaa kabla ya janga, na umefanya kazi. Kwa presha na kisukari tulikuwa tunamwita mtu kila mwezi kwa mazoea tu. Na siku ya kuja tuliifanya iwe moja: damu ichukuliwe, apimwe presha, atazamwe miguu na macho, aondoke. Majibu atapigiwa. Safari tatu zikawa moja, na hiyo moja ikawa na uzito.

Wako ambao hatukuwafikia vizuri, na nisingependa wapotee katika simulizi hii. Viziwi waliathirika mara mbili: barakoa ziliwafichia midomo wanayoisoma, na simu ya sauti haikuwa na maana kwao. Kwao video yenye mkalimani wa lugha ya alama ilikuwa ya lazima kabisa, na ilichelewa kupatikana. Wazee wanaosahau wanayoambiwa walihitaji mtu wa pili kwenye simu, aliyeteuliwa na mzee mwenyewe, si yeyote aliyepokea. Na wako ambao namba zao zilikuwa zimebadilika. Kwa hao wahudumu wa afya ya jamii walikwenda hadi milangoni, wakasimama nje, wakaita. Baadhi yao walikuta mgonjwa amefariki, na familia haikujua kwamba kuna mahali palitakiwa pataarifiwe. Tuliandika majina hayo pia. Nilisisitiza kila jina lifungwe na jibu: amekuja, amehama, amefariki, amekataa, bado anatafutwa. "Hakupatikana" halikukubaliwa kama jibu la mwisho mpaka njia zote tatu ziwe zimejaribiwa, yaani simu, ndugu na mlango.

Wahudumu nao walichoka kwa namna tusiyoizoea. Kusikiliza kwa simu kutwa nzima, ukijaribu kumwona mtu kwa masikio, kunachosha kuliko kusimama wodini. Baada ya simu ya msiba hakuna wa kumtazama usoni, unakata, inayofuata inasubiri. Tukaweka watu wawili kwa kila zamu ya simu ili mmoja apumzike baada ya simu nzito, na kikao kifupi jioni kwa ajili ya kuongea yaliyosikika. Usimamizi wa juu uliona hayo ni anasa. Mimi niliona ndiyo yaliyowazuia watu wazuri wasiache kazi.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Kabla ya siku hiyo foleni zilikuwa zimekwisha kurudi kwa wingi, na matumizi ya simu yalishuka sehemu nyingi, isipokuwa kwenye afya ya akili ambako yalibaki juu. Sioni ubaya wa kushuka. Kwetu mgonjwa mpya anaonwa ana kwa ana kwanza, aguswe, ajulikane, ndipo tupange ipi kati ya ziara zake iwe ya simu. Mwenye presha iliyotulia anakuja mara mbili kwa mwaka na kupigiwa katikati. Mwenye kidonda anakuja kila anapotakiwa, hakuna mjadala.

Tunachopigania sasa ni kipande kimoja cha karatasi: ratiba ya zamu. Saa za kupiga simu bado zinahesabiwa kama muda wa ziada ambao muuguzi anauchomoa pale wagonjwa wanapopungua, na wagonjwa hawapungui. Orodha ya waliokosa miadi hutoka kwenye kompyuta kila wiki, imepangwa kwa hatari kama tulivyoipanga wakati ule. Nimeomba nusu siku ya muuguzi mmoja iandikwe rasmi kwa ajili yake, na ilindwe isichukuliwe hata siku tunapopungukiwa watu. Mara ya kwanza ombi lilirudishwa kwa maelezo kwamba takwimu za kliniki huhesabu waliohudhuria. Nimeliandika upya, safari hii nikiambatanisha idadi ya waliolazwa ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha hiyo kabla ya kuzidiwa.